Mabaka ya Salamu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mapinga iliamka na ubaridi wa kusi, ule unaowafanya watu wa pwani watoe masweta yaliyokunjwa chini ya sanduku mwaka mzima. Mawingu yalikuwa membamba, umande umelala juu ya nyasi, na upepo wenyewe ulikuwa bado haujaamka. Kwa mtu wa kupulizia dawa, asubuhi haiwi nzuri kuliko hiyo.

Mwinyijuma, mtunza nyasi wa kituo cha michezo, aliliona hilo alipotoka msikitini, akamshukuru Mungu mara tatu. Kisha akasimama pembeni ya njia, akainua mikono na kuomba dua ambayo labda hakuna mtu wa Mapinga aliyewahi kuiomba. Alimwomba Mola wake asikutane na mtu yeyote anayemfahamu mpaka saa tatu.

"Wape usingizi mzuri, ya Rabbi," alinong'ona. "Waamke saa nne, wakiwa wazima wa afya."

Si kwamba aliwachukia watu. Tatizo lake lilikuwa kinyume kabisa. Mwinyijuma alikuwa hawezi kumpita mtu bila kumsalimia, na akishaanza kusalimia hamalizi mpaka amemuulizia kila aliyemo ndani ya nyumba, na walioko safarini, na kuku. Mkewe, Mwaija, alishaacha siku nyingi kumtuma chumvi mboga ikiwa jikoni. Humtuma leo chumvi ya kesho.

Tabia hiyo haikumdhuru mtu mpaka ilipokuja mashine.

Ililetwa kutoka Dar es Salaam mwezi wa Aprili. Ilikuwa kigari cha kijani chenye kiti kimoja, usukani, tanki kubwa nyuma, na mikono miwili mirefu ya chuma iliyokunjuka kulia na kushoto kama mbawa za korongo. Ukibonyeza swichi nyekundu, mikono yote miwili inapuliza dawa chini. Ukiibonyeza tena, inafunga. Mtaalamu aliyekuja nayo alifundisha siku tatu, na jambo alilolirudia mpaka sauti ikamkauka lilikuwa hili: mashine hii inapuliza kwa kipimo cha mwendo. Ukienda sawasawa, nyasi zinapata dawa ya kutosha. Ukisimama huku swichi iko wazi, pale uliposimama zinapata dawa ya wiki nzima, na zinakufa.

Mwinyijuma alielewa vizuri sana. Siku ya kwanza alipopewa uwanja mzima apulizie dawa ya magugu, alivaa kila kitu, akapima upepo, akaenda mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Halafu Mikidadi muuza kahawa akapita pembeni na birika lake, akasema, "Mwinyijuma, umeamkaje?"

Mwinyijuma akakanyaga breki. Swichi hakuigusa.

Asubuhi ile alisimama mara saba. Baada ya siku kumi uwanja ulikuwa na mabaka saba ya manjano, na Mapinga nzima ilijua kila baka ni la nani. La Mikidadi lilikuwa na ukubwa wa ungo. La Maalim Abdala, aliyemfundisha Mwinyijuma Kurani utotoni, lilitosha kutandikwa mkeka wa watu wawili, kwa sababu Maalim ni mtu mwenye wajukuu wengi wa kuulizwa. Watu hawakukasirika hata kidogo. Mikidadi aliwapeleka wateja wake kulionyesha la kwake. "Hapa ndipo aliponijulia hali," alisema kwa fahari.

Aliyekasirika alikuwa Marselina, msimamizi wa viwanja. Alikuwa dada wa miaka thelathini na tano, mzaliwa wa Morogoro aliyesomea nyasi chuoni, mtu wa kalamu mbili mfukoni na rozari shingoni. Kilichomtia hofu zaidi si mabaka. Ni kwamba Mwinyijuma alikuwa amevua glavu na kupeana mikono na watu wote saba, na Marselina ikabidi awapange watu hao bombani wanawe mikono kwa sabuni mmoja mmoja, kama watoto wa chekechea, huku Maalim akiuliza kama hiyo ndiyo chanjo mpya.

Basi Marselina akatangaza jaribio. Ufunguo wa mashine utakaa kwa mtu mmoja tu. Mistari kumi na miwili ya uwanja, tanki likiwa na maji matupu yaliyotiwa rangi ya buluu, ili kila kosa lionekane kwa macho. Atakayeimaliza salama kabla upepo haujaamka, ufunguo ni wake. Atakayeshindwa atarudi kwenye bomba la mgongoni.

Hapo ndipo Mwinyijuma alipoacha kulala vizuri. Bomba la mgongoni ni lita kumi na sita, na alikuwa amelibeba miaka sita. Mwaka wa sita mgongo ulikataa. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiswali ameketi kwenye kiti cha plastiki, akiinamisha kichwa tu pale wenzake wanapoweka paji la uso chini. Tangu apande mashine mgongo ulianza kulegea, na Alfajiri moja ya mwezi wa Mei, bila kupanga, alijikuta amesujudu. Alikaa pale chini mpaka imamu akatoa salamu. Watu walidhani amezimia. Kumbe alikuwa analia kwa furaha.

Ndiyo maana alikuwa akiomba Mapinga ilale.

Nyumbani alimkuta Mwaija ameshavaa kanga mpya, anapanga mananasi ya Kiwangwa kwenye beseni.

"Unakwenda wapi na mapema yote hii?"

"Baba Najma! Leo si harusi ya mjukuu wa Maalim? Mimi nimo kwenye pilau."

Mwinyijuma alikaa chini taratibu. "Na watu wanapita wapi kwenda kwa Maalim?"

"Kwani kuna njia ngapi? Pembeni ya uwanja wenu." Mwaija alimtazama, akaanza kucheka, kisha akajizuia kwa huruma. "Halafu usinune. Na mama anakuja kutoka Mlingotini."

"Mama gani?"

"Mama yangu mimi. Mkweo."

Mwinyijuma alisema, "Inna lillahi," akaondoka bila chai.

Saa moja na nusu alikuwa amekaa juu ya kiti, amevaa ovaroli, mabuti ya mpira, glavu ndefu, miwani na barakoa. Utambi mwekundu wa kitambaa, uliofungwa kwenye mlingoti wa goli kuonyesha upepo, ulining'inia bila kutikisika. Marselina alisimama na karatasi yake.

"Shikamoo mzee."

Mwinyijuma alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama kwa mashaka.

"Bado hatujaanza, mzee. Jibu tu."

"Marahaba, mwanangu! Umeamkaje? Mama huko Morogoro hajambo? Yule mdogo wako aliyekuwa na..."

"Sasa tumeanza," akasema Marselina.

Pembeni ya uwanja alikaa Sixbert, fundi wa pampu, ambaye alifanya jaribio lake Alhamisi. Yeye hakumsalimia mtu, wala si kawaida yake. Mistari kumi na miwili aliimaliza kwa dakika hamsini. Lakini katika mstari wa saba alisikia njaa, akatoa chapati mfukoni akaila na glavu zake, na tangu Alhamisi midomo yake ilikuwa ya buluu kama kitenge. Alisugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa ndimu.

"Ingekuwa dawa yenyewe," Marselina alimwambia, "sasa hivi tungekuwa wodini tunakuuliza jina lako."

Hata hivyo Sixbert alikuwa na matumaini. "Mzee wangu!" alimpigia kelele Mwinyijuma. "Hiyo ni mashine, siyo baraza!"

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Katika wa tatu walitokea wanawake watano na masufuria kichwani, wakiongea wote kwa pamoja.

"Mwinyijuma, hujambo!"

Akatazama mbele. Shingo ilimuuma kwa kutaka kugeuka.

"Hajibu! Huyo ni Mwinyijuma kweli?"

"Labda amefia juu ya mashine."

"Maiti gani anakata kona vizuri hivyo?"

"Kapanda gari, shoga. Sisi wa miguu hatuoni tena!"

Jasho lilimtoka ndani ya miwani. Alisoma kimoyomoyo kila aya aliyoijua, nyingine mara mbili. Wanawake wakapita. Mstari wa tatu ulinyooka kama uzi, na Marselina akaandika alama.

Kwenye mstari wa tano alifika Maalim Abdala mwenyewe, na fimbo yake, amevaa kanzu ya harusi. Alisimama pembeni, akaweka mkono juu ya macho, akapaza sauti:

"As-salaam alaykum!"

Mwinyijuma alihisi salamu hiyo imempiga kifuani. "Hujambo" unaweza kuinyamazia ukaomba radhi jioni. Salamu ya Mungu kuijibu ni wajibu, na aliyemfundisha kwamba ni wajibu, tena kwa bakora, ni huyu huyu. Alijibu ndani ya barakoa. Maalim akatega sikio.

"As-salaam alaykum!" akarudia, kwa nguvu zaidi.

Basi Mwinyijuma akafanya uamuzi. Kama kusalimia hakuepukiki, basi atasalimia kwa kufuata kanuni zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Akafunga swichi nyekundu. Akasimamisha mashine. Akavuta breki ya mkono, akazima moto, akatia ufunguo mfukoni. Akashuka. Akaenda kwenye ndoo ya kunawia, akaziosha glavu zikiwa bado mikononi, akazivua, akavua miwani, akavua barakoa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na uso, na kwa mazoea akaosha na miguu ndani ya mawazo yake. Kisha akatembea akihesabu hatua.

"Unahesabu nini?" Maalim aliuliza.

"Hatua kumi kutoka kwenye mashine, Maalim. Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo."

"Marahaba. Ilikuwa safari ndefu."

Wakajuliana hali. Dakika kumi na tisa zikapita. Kisha Mwinyijuma akarudi, akavaa tena kila kitu, akawasha. Chini ya mashine hapakuwa na tone la ziada. Marselina alipiga magoti kukagua, akainuka akiwa haelewi aandike nini.

Ubaya ni kwamba watu walikuwa wameona. Kama Maalim kashukiwa, kwa nini wengine wasishukiwe? Mikidadi akapita na birika, akasimama kusubiri zamu. Mwinyijuma alifunga, alizima, alishuka, alinawa, alihesabu. Kwenye mstari wa saba ukapita ujumbe wa bwana harusi, watu wanne, na akawashukia kwa pamoja ili kuokoa muda. Alipopanda tena, utambi wa golini ulikuwa umeanza kujipepea kama mtu anayesikia joto.

Aliumaliza mstari wa nane akiomba. Ndiyo kwanza alikuwa anauanza wa tisa alipomwona mama mkwe.

Bi Shamsia wa Mlingotini hakusimama pembeni. Aliingia uwanjani, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya mashine, akaweka beseni lake chini na mikono kiunoni. Mwinyijuma alifunga swichi na kukanyaga breki kwa pamoja. Mashine ilitulia hatua kumi na mbili kutoka kwenye beseni.

"Mama, toka hapo! Ni hatari!"

"Sitoki!" Bi Shamsia alikuwa mfupi, lakini sauti yake ilifika kwenye masufuria ya pilau. "Nimesikia yote, Mwinyijuma. Mlingotini nzima inajua. Muuza kahawa ana baka lake. Maalim ana baka lake. Kuna mtu hapa ni dereva wa bodaboda tu, naye ana baka! Mimi niliyekupa mke, baka langu liko wapi?"

"Mama, yale ni makosa..."

"Basi na mimi nikosee! Simama hapa, mwaga!"

Sixbert alianguka nyuma kwa kicheko. Mwinyijuma alizima moto, akatia ufunguo mfukoni, akashuka, akaosha glavu. Alipofika kwa Bi Shamsia na kuubusu mkono wake, machozi yalikuwa karibu. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba hapo yaliyopo ni maji ya rangi, kwamba dawa yenyewe ingemchoma macho, na kwamba angekuwa na uwezo wa kumtengenezea baka, angemtengenezea kubwa kuliko la Maalim. Bi Shamsia akalainika kidogo. Akakumbuka kuulizia mgongo wa mkwewe, naye Mwinyijuma akakumbuka kuulizia magoti ya Bi Shamsia, na dada zake, na wifi zake.

Walipomaliza, utambi wa golini ulikuwa umenyooka kabisa, unapigapiga. Kusi ilikuwa imeamka.

"Basi, mzee," Marselina akasema. "Upepo umeingia. Tumefunga."

Watu wa harusi walikuwa wameanza kukusanyika pembeni, maana nyumba ya Maalim ilikuwa pale pale. Marselina alisoma karatasi yake kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisoma. Mavazi, sawa. Mwendo, sawa. Kufunga kabla ya kusimama, sawa mara zote. Mtu alipoingia mbele ya mashine, alisimama kwa wakati. Kunawa, hajawahi kuona mtu akinawa namna ile. Lakini mistari minne ilikuwa imebaki.

"Sasa si angemalizia tu?" Mikidadi alidakia. "Upepo wenyewe huu mdogo."

Marselina alinyoosha kalamu upande upepo unakokwenda. Wote wakafuata kalamu kwa macho. Ilielekea kwenye masufuria matatu ya pilau, yakiwa wazi, na Mwaija akikoroga.

"Ingekuwa dawa, ingetua mle," Marselina akasema.

Mtu mmoja alikimbia kuyafunika, ingawa hapakuwa na dawa.

"Mzee Mwinyijuma, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini asubuhi moja haitoshi kupulizia na kusalimia. Ufunguo atachukua Sixbert, akiniahidi hatakula."

"Naahidi!" Sixbert alisema kwa midomo yake ya buluu.

Mwinyijuma alitoa ufunguo mfukoni. Alikuwa akikiwazia kiti cha plastiki kule msikitini, kilichosukumwa nyuma ya safu. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooshwa wakati Mwaija alipotoka kwenye masufuria na mwiko wake.

"Ngoja, dada Marselina. Huyu hawezi kusema, basi nasema mimi. Mume wangu ameswali mwaka mzima juu ya kiti kwa sababu ya lile bomba. Hii mashine ndiyo imemrudishia sijida. Mkimpa bomba, mmemnyang'anya. Na waliomponza ni nyinyi nyote hapa na salamu zenu! Na wewe mama, usijifanye unapanga mananasi."

Bi Shamsia aliliacha nanasi. Maalim Abdala alikuwa akitazama fimbo yake. Akaichomeka ardhini, akaiegemea kwa mikono miwili.

"Mimi kosa ni langu," akasema. "Mtu akiwa ndani ya Swala, humpigii salamu ukamtaka akujibu. Unamwacha amalize. Huyu ameshika sumu, na roho za watu ziko mikononi mwake. Nilitakiwa kunyamaza, nipite. Nikapiga kelele mara mbili. Mwinyijuma, ukiwa juu ya kile kiti, mimi sikudai jibu. Na anayekudai, aje kwangu."

"Mimi nadai," alisema Bi Shamsia.

"Mama!"

"Nadai, lakini nangoja. Mradi anijibu baadaye. Na mimi nianze, kabla ya muuza kahawa."

Sixbert alijikuna kichwa. Alitazama ufunguo, akatazama wale wazee, akamwambia Marselina, "Bosi, mimi nibakie kwenye pampu zangu. Kuna chapati leo hapa, na sitaki kuishi kwa viapo."

Marselina alicheka kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Kisha akakunja uso tena. "Sitaki maneno ya jumla. Mzee aniahidi, kwa sauti, mbele ya hawa wote, ndipo ufunguo ubaki kwake. Kesho kukicha tuna mistari minne, na upepo hautusubiri."

Watu wakasogea. Mwinyijuma hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, kwani aliamini ahadi inaandikwa juu kabla haijafika masikioni mwa watu. Alizitazama nyuso zile moja moja, nyuso za miaka hamsini ya "umeamkaje", akajua ni kazi ngumu kuliko lita kumi na sita. Alivuta pumzi. Akaufumba ufunguo ndani ya kiganja.

"Bismillahi," akasema. "Mimi, Mwinyijuma wa Mrisho, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu, na wewe mwanangu Marselina uandike. Nikiwa juu ya mashine, sitamjibu mtu, awe Maalim, awe mama mkwe, awe mkuu wa wilaya. Mkiniita, nitatazama mbele. Mtu akiingia mbele yangu, nitafunga, nitasimama, nitamwonyesha pa kutokea kwa kidole, na sitamuuliza hata jina la mtoto wake. Nikishamaliza, nikishanawa na kubadili nguo, ndipo nitapita nyumba kwa nyumba kuwajibu wote mlionisalimia siku hiyo, bila kumruka mtu, nikianza na Mlingotini."